Taa Ndani ya Trei ya Mayai

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Kazi hakuna. Baridi kali, Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa. Nimekaa na chai kupanga kuhama.

Jumamosi tunatoka Kaloleni, vyumba viwili vya kupanga, tunahamia Olasiti. Nyumba yetu wenyewe! Miaka tisa ya kujenga. Kitanda, makochi, vyombo: hayo si tatizo. Tatizo ni taa ya marehemu baba mkwe.

Ni taa ya dari, ya shaba, yenye vioo thelathini vinavyoning'inia kwenye vindoano. Kila kioo ukubwa wa yai. Mzee aliinunua kwenye hoteli moja ya Usa River walipokuwa wakibadilisha samani, akaipeleka Marangu kwa basi akiwa ameipakata njia nzima. Mke wangu Irine alijifunzia kuhesabu kwenye vioo hivyo. Mama mkwe alipozeeka akampa Irine, si Elieza, mwanawe wa kiume. Dari ya Kaloleni ni fupi, kwa hiyo taa imelala miaka mitatu uvunguni mwa kitanda chetu.

Sasa masharti. Tarehe 19 tunabariki nyumba na mama mkwe atakuwepo. Amesema kwenye simu, spika ikiwa wazi, kwamba akikuta taa inawaka sebuleni, ni ya Irine moja kwa moja. Asipoikuta, Elieza aichukue, maana yeye ana dari na ana akili. Neno "akili" alilisema mara mbili. Nadhani mtandao ulikuwa unakatika.

Jumanne, 8 Julai

Shemeji Elieza amekuja bila kuitwa. Kaleta mablanketi manne na rundo la magazeti. Kasema tufunge kioo kimoja kimoja kwenye gazeti, tuvilaze kwenye blanketi, halafu yeye apakate kama marehemu alivyofanya, kwenye pikapu yake.

Apakate! Nimeelewa mara moja. Anataka mama mkwe asikie nani alipakata.

Nimemjibu kwa heshima kwamba mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya kukodisha mahema na viti, miaka kumi na moja, na sijawahi kuvunja kiti hata kimoja. Akauliza si viti vya plastiki? Haikuwa hoja.

Irine kampa chai na vipande vitatu vya mkate. Mimi nilipewa viwili.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata! Nimepata nikiwa soko la Kilombero, nimesimama tu nikinunua vitunguu.

Mbeba mizigo mmoja alishusha boksi la runinga lenye picha ya glasi iliyopasuka, alama ya kuonya. Alilitupa. Sikudhani, niliona kwa macho yangu. Dakika hiyo hiyo mtu yule yule akabeba trei ya mayai. Alitembea nayo kama mama anayepeleka mtoto kubatizwa. Watu walimpisha. Bodaboda ilisimama. Bodaboda!

Kumbe mjini hapa hakuna anayeheshimu kioo. Kinachoheshimiwa ni yai.

Trei ina mashimo thelathini. Vioo ni thelathini. Nimerudi nyumbani bila vitunguu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Irine yuko kwenye duka la dawa hadi jioni. Nimevuta taa uvunguni, nimevua vioo vyote, kila kimoja kwenye shimo lake. Vimekaa kama vimezaliwa humo. Juu nimefunika kwa trei nyingine tupu, nimefunga kwa kamba ya katani, nimeandika MAYAI kwa kalamu ya maka, pande nne.

Halafu nikatilia shaka. Trei moja, peke yake, imefungwa vizuri hivyo? Elieza angeuliza maswali. Nikaenda dukani nikanunua trei ya mayai ya kweli, nikaifunika na kuifunga vilevile, nikaandika vilevile. Sasa ni pacha. Mimi mwenyewe niligeuka kuchukua mkasi, nikirudi sikuzitambua, nikalazimika kufungua upya.

Nilifikiria kuweka alama. Nikakataa. Alama ndiyo inayotoa siri nje. Badala yake nimekariri: vioo kushoto, mayai kulia.

Irine aliporudi aliuliza vioo viko wapi. Nikamwambia mahali salama. Akauliza kama ni kwenye blanketi. Nikamwambia ni kitu kizuri kuliko blanketi. Aliniangalia vile alivyoniangalia siku ya tenki la maji.

Jumamosi, 12 Julai

Tumehama. Muhtasari.

Kirikuu ya kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, na wabebaji watatu. Kioo cha kabati kimepasuka. Mguu wa kitanda umevunjika. Ndoo mbili zimeingia ufa, na sijui mtu anapasuaje ndoo. Pikapu ya Elieza ilibeba masufuria, redio yangu na fremu ya shaba ya taa, juu ya mablanketi. Hakuna kilichovunjika kwenye pikapu ya Elieza. Bahati.

Lakini mayai! Wabebaji walichukua trei moja moja, mikono miwili, hatua za kunyata. Mmoja aliniamuru mimi, mwenye mali, nisogee. Elieza mwenyewe alishikilia mlango. Wameziweka kwenye meza ya jikoni. Nimethibitisha: vioo kushoto, mayai kulia. Nilitoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya tenki.

Mchana Irine amegeuza meza ya jikoni ili iangalie dirishani. Sikuingilia. Mambo ya jikoni ni yake.

Jioni kaja Mzee Sumari, mzee wa kanisa wa huku. Shikamoo, marahaba, karibuni Olasiti. Akatukumbusha kesho ni Sikukuu ya Mavuno. Alipoondoka Irine akaanza kuhangaika. Usharika mpya, watu wapya, na sisi hatujavuna hata sukuma wiki. Tutaingia mikono mitupu? Akaniuliza kama tunaweza kutoa trei moja ya mayai, na akauliza pia kwa nini tuna mayai sitini.

Nimemwambia nyumba mpya inahitaji mayai. Nimemwambia atoe ya kulia. Mimi huwa si mchoyo.

Jumapili, 13 Julai

Siku nzuri sana. Niiandike yote.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka za mavuno uwanjani. Mikungu ya ndizi, kuku, madebe ya mahindi, maziwa kwenye vibuyu, beberu mmoja aliyekula kitambaa cha meza. Mnadishaji, Mzee Sumari. Ikaja trei yetu.

Mzee Sumari aliinyanyua, akayumba, akaishusha, akainyanyua tena. Akatangaza kwamba hii ni sadaka ya familia mpya kutoka Kaloleni, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kushika mayai mazito namna hii. Kuku wa watu hawa wanakula nini? Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikapunga mkono. Sina kuku, lakini sikuona sababu ya kuingia kwenye maelezo.

Elieza, aliyekuja kusali nasi siku hiyo, akataja bei. Nikapanda juu ya bei yake. Watu wakashangaa mwenye mayai kununua mayai yake, lakini hakuna sheria inayokataza. Akapanda. Nikapanda. Akapanda tena, akinitazama kwa upole, ule upole wake. Nilipoona amefika mahali pa kuumia, nikanyamaza. Kachukua trei moja kwa bei ya trei sita! Kamwe sitasahau.

Naye, kama ilivyo desturi, hakuichukua nyumbani. Akaizawadia kwaya ya wageni, akina mama wa Ngaramtoni. Mwenyekiti wao, Naisiae, akaitwika kichwani, wakaondoka nayo wakiimba, ishirini na wanane, shanga zikilia shingoni. Kanisa zima likamsifu Elieza. Sawa. Sifa ni zake, hasara ni zake.

Jumatatu, 14 Julai

Jioni fundi umeme amefunga fremu kwenye dari ya sebule. Imekaa vizuri. Irine yuko kazini. Nikaenda jikoni, nikachukua trei ya kushoto, nikakata kamba.

Mayai.

Nimepasua moja kuhakikisha. Yai.

Nimepasua la pili.

Nikasimama palepale nikaitazama meza. Kisha nikazunguka nikasimama upande mwingine, ule niliokuwa nimesimama Jumamosi kabla meza haijageuzwa. Nikaelewa. Nikakaa sakafuni, na sakafu ya saruji Julai ni baridi sana.

Irine aliporudi akafurahi kukuta nimepika. Mayai ya kukaanga.

Jumanne, 15 Julai

Nimefikiri siku nzima stoo, juu ya viti.

Njia ya kawaida ingekuwa kwenda kwa Naisiae na kusema samahani, tulikosea, nirudishieni. Lakini ile ni sadaka. Imeombewa madhabahuni, imenadiwa, imenunuliwa, imezawadiwa. Mtu gani anakwenda kudai sadaka irudi? Hatujamaliza hata wiki moja Olasiti. Tungehama tena, na kwa aina ile ya wabebaji sina nguvu.

Kwa hiyo siombi. Nitabadilisha. Nitasema mayai yale yalikuwa ya zamani, huenda ni viza, dhamiri inanisuta, nimeleta mabichi. Nachukua ya zamani, naacha mapya. Kila mtu anabarikiwa. Wakati mwingine najishangaa.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya soko Ngaramtoni. Nimeenda na trei, nimejazia mayai yaliyopungua. Nimemkuta Naisiae nyuma ya magunia ya maharage. Nikatoa maelezo yangu ya viza, dhamiri, mabichi. Nilikuwa na huzuni ya kutosha usoni.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema Bwana asifiwe, baba, yale hayakuwa mayai.

Nikasema ah.

Akasema walipofungua trei akina mama wengine walilia. Vito! Thelathini, kila kimoja na kindoano chake tayari, kana kwamba Elieza aliviagiza kwa ajili ya shanga zao. Ukimya wake siku ile, asiseme hata neno, akaacha watu wadhani ni mayai! Siku hizi watu wa aina hiyo hawapo tena. Akafungua shuka akanionyesha. Kioo cha baba mkwe, katikati ya shanga nyekundu na nyeupe, kifuani pake. Kilimpendeza, lazima niseme. Kila mwimbaji ana chake, mikufu imeshashonwa tangu Jumatatu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Nikasema amina.

Akapokea na mayai yangu pia, kwa shukrani. Nikiwa naondoka akaniambia tutaonana Jumamosi. Nikauliza wapi. Akasema Olasiti, kuna nyumba inabarikiwa, Elieza ndiye aliyewaalika waje kuimba. Wamepania kuvaa vito vyao kwa mara ya kwanza.

Nimepanda gari la kurudi nikapitiliza kituo.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi nimekwenda kwa Elieza kumshauri kwamba kwaya ni kelele, mama mkwe ana presha. Akasema mama mwenyewe ndiye aliyeiomba. Nikamshauri kwamba kwaya ya wanaume ni bora. Akaniuliza kama nimelala vizuri.

Mchana nimefunika fremu kwa shuka la maua. Mpango: nitatangaza kwamba taa itazinduliwa baada ya kwaya, halafu kabla ya uzinduzi nitazima swichi kuu. Giza. Poleni ndugu, umeme umekatika. Tutaiona siku nyingine.

Jioni Irine akakaa chini ya shuka lile akaliangalia. Akasema baba yake alikuwa anavisafisha vioo kila mkesha wa Krismasi, kimoja kimoja, kwa kitambaa cha shati lake la zamani, naye ndiye aliyekuwa anamhesabia. Kile cha kumi na moja kina ufa mdogo, mzee alikigonga na kijiko. Akasema kesho atahesabu tena. Kisha akaniuliza, bila hasira: Baba Anneth, vioo viko wapi?

Nikamwambia vinakuja kesho.

Sikudanganya. Lakini nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Nimeliandika hapa ili ijulikane kwamba nilijisikia.

Jumamosi, 19 Julai

Mama mkwe alifika saa nne na pikapu ya Elieza. Nikamwamkia. Akaitikia akiwa anaangalia shuka la maua. Nikamweleza kuhusu uzinduzi. Akasema katika umri wake hajawahi kuona taa inavaa nguo.

Mchungaji akaomba chumba hadi chumba, hadi chooni. Kisha tukajaa sebuleni, majirani, Mzee Sumari, wote. Nikapita polepole hadi kwenye swichi kuu nikazima.

Hakuna aliyegundua. Ilikuwa saa sita mchana na madirisha ya nyumba yangu ni makubwa. Niliyachagua mwenyewe.

Kwaya ikaingia ikiimba. Ishirini na wanane, mistari miwili, na kila walipodunda mabega, vioo vilipokea jua la dirishani na kulirusha ukutani, darini, kwenye kanzu ya mchungaji. Sebule nzima ilimetameta. Mama mkwe alikuwa anapiga makofi. Kisha makofi yakapungua. Kisha akainuka na fimbo yake, akaenda hadi kwa Naisiae, akashika kile kioo kifuani pake na kukisogeza karibu na jicho. Wimbo ukafa wenyewe.

Akasema: "Hiki ni cha kumi na moja."

Naisiae akasema walipewa na Elieza. Elieza akasema yeye alinunua mayai. Mzee Sumari akasema mayai yalitoka kwa Baba Anneth, na kwamba yeye tangu mwanzo aliona yana uzito. Wote wakageuka kwangu. Nilikuwa bado nimeshika swichi.

Nikaanza kueleza kuhusu Kilombero na yule mbeba mizigo. Nadhani nilieleza vizuri, lakini hakuna aliyenisikiliza, maana Irine alikuwa amevuta shuka la maua na fremu ikaonekana, tupu, vindoano vinaning'inia. Hakunitazama. Ningependa angenitazama, hata kwa lile jicho la tenki la maji.

Naisiae ndiye aliyetenda. Hakuuliza neno. Alikata uzi kwa meno, akatoa kioo chake, akamwekea mama mkwe kiganjani kwa mikono miwili. Nyuma yake mwingine akakata wake. Na mwingine. Nikasema kwa sauti kwamba sadaka hairudishwi. Mchungaji akasema haijarudishwa, inatolewa tena, na akaniomba nikae.

Irine akapanda kwenye stuli, Elieza akashika stuli. Kila mama alipita mbele na kioo chake, mama mkwe akapokea na kumpa Irine, Irine akatundika na kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo. Alipofika kumi na moja aliomba kile chenye ufa. Baadaye akaendelea.

Ishirini na nane. Vikabaki vindoano viwili.

Naisiae akaona haya. Akatoa kikasha kwenye mkoba: viwili vya mwisho walitengeneza hereni, zawadi kwa mama yake Elieza. Mama mkwe akaviangalia sana. Akasema hivyo visitundikwe. Akavivaa papo hapo, Irine akimsaidia, naye akatikisa kichwa kuvisikia. Akasema mzee wake alimwahidi hereni mwaka wa harusi na akafa hajatimiza.

Mchungaji akasema washeni taa. Elieza akabonyeza. Haikuwaka. Akabonyeza tena. Mama mkwe akaniangalia. Nikawasha swichi kuu.

Ikawaka.

Mama mkwe akatangaza kwamba taa ni ya Irine na itakaa hapa. Kisha akaongeza, spika ikiwa wazi kwa namna yake, kwamba mimi nisiiguse hata kwa kitambaa. Kwaya ikapigiwa vigelegele. Elieza akashukuriwa kwa kununua yale mayai. Mimi nikatumwa kuleta viti. Vilikuwa vya kampuni yangu, vya plastiki, na hakuna kilichovunjika.

Wageni walipoondoka Irine akasema jambo moja tu: siku nyingine, blanketi. Nikamwambia sawa. Alicheka kidogo. Nilifarijika kupita kiasi.

Ijumaa, 25 Julai

Mambo yametulia. Meru imeonekana asubuhi hadi kileleni.

Mama mkwe hakutaka Elieza abaki bila kitu. Alikuja na kifaa cha mwisho cha seti ile, taa ndogo ya mezani yenye kofia ya kioo chembamba kama karatasi, na amesema ni yake. Jumapili mwanawe Elieza, Gidion, anapata kipaimara, na Irine ataipeleka kwenye sherehe. Ameshaifunga, iko kabatini. Kwenye blanketi.

Blanketi! Nimeiona leo alipokuwa kazini. Kifurushi cha ajabu, hakina umbo, mtu yeyote anaweza kukikalia. Na sherehe ina wageni mia mbili. Sikuweza kuacha mali ya marehemu ipotee kwa uzembe.

Nilikaa na kuwaza. Mayai yana kasoro, sasa naiona: watu wanayatoa sadaka. Lakini kuna kitu kingine ambacho hapa mjini hubebwa kwa mikono miwili, hupishwa mlangoni, na hakitupwi hata na mlevi. Nimenunua boksi lake, jeupe, la ghorofa mbili. Taa imeenea vizuri, nimeitandikia pamba. Juu nimefunga utepe na kuandika KEKI, pande nne.

Jumapili nitaiweka kwenye meza ya mbele, katikati ya keki nyingine. Hapo itakuwa salama kabisa. Kisu cha kukatia atashika Elieza mwenyewe, na Elieza ni mtu makini.